Daftari la Mdaiwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii imewafaa wafanyabiashara wetu kwa muda mrefu, wala sijui mtu mwenye akili timamu atakayeikanusha. Lakini methali ni kama taa: humulika upande mmoja, na upande wa pili ukabaki katika kivuli. Imetuambia kwamba daftari hapana budi liwepo; haikutuambia liwe mkononi mwa nani. Zamani swali hili halikuwa zito, kwa sababu kila mwenye haki aliweza kuandika daftari lake mwenyewe. Leo limekuwa zito. Imeenea biashara ambayo watu wawili hushirikiana, mmoja akawa mdai na wa pili mdaiwa, na daftari likashikwa na mdaiwa peke yake. Je, jambo hili ni haki? Na kama si haki, lirekebishwe kwa njia gani?

Biashara yenyewe ni udalali wa mtandaoni. Dalali si mgeni kwetu. Tangu Tanzanite ilipogunduliwa katika vilima vya Mirerani mwaka 1967, Arusha imewajua madalali wa vito na desturi yao ya mali kauli. Dalali huchukua jiwe kwa ahadi ya mdomo, bila fedha wala hati, akalipeleka kwa mnunuzi, kisha akarudi na bei. Katika desturi hii mwenye mali ndiye anayebaki gizani. Hajui jiwe limeuzwa kwa kiasi gani, wala cha juu alichokipata dalali hakioni. Ndiyo maana sheria imemtazama dalali kwa jicho kali. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo kwa asili imefuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, humtaka wakala atoe hesabu kwa mwenye mali. Maana ya kanuni hiyo ni nyepesi kueleweka: aliyeona na ampe habari asiyeona.

Udalali wa mtandaoni umeligeuza jambo hili juu chini. Mfano wake unaojulikana sana ni mpango ulioanzishwa na duka la Amazon mwaka 1996, na baada yake wauzaji wengi wa dunia wakafuata njia ile ile. Tuseme kijana wa Usa River anaandika makala za kuwaelekeza wageni namna ya kupanda Mlima Meru. Anaeleza njia ya kutoka lango la Momela hadi Miriakamba, na baridi ya usiku wa kuelekea kilele, ambacho kimepita meta 4,500. Anashauri viatu gani vinafaa na koti gani litamkinga mtu na upepo. Chini ya kila shauri huweka kiungo cha kumpeleka msomaji dukani. Msomaji aliye Toronto akikibofya, duka huacha katika kivinjari chake alama ndogo iitwayo kidakuzi, ambayo matumizi yake katika intaneti yalianza mwaka 1994. Alama hiyo hulikumbusha duka kwamba mteja huyu ameletwa na fulani. Kwa Amazon kumbukumbu hiyo kwa kawaida hudumu saa 24. Mteja akinunua ndani ya muda huo, kijana huandikiwa sehemu yake. Akifikiri siku tatu kisha akanunua, kijana haandikiwi kitu.

Sasa tazama nani aliye gizani. Kijana hamwoni mnunuzi, haoni bidhaa, hasikii bei ikitajwa, hajui kama koti lilirudishwa baada ya wiki mbili na ujira wake ukafutwa. Anachokiona ni jedwali: mibofyo 200, mauzo matatu, ujira kiasi hiki. Kama mauzo yalikuwa manne, atajuaje? Jedwali limeandikwa na yule yule atakayelipa, na kila mstari unaopungua ni fedha inayobaki mfukoni mwake. Wazee waliipatia hali hii methali waliposema juu ya kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Sisemi kwamba nyani huyu amekwisha kula rushwa. Nasema tu kwamba ameketi katika kiti ambacho hakumfai hata kama ni mwema.

Watetezi wa mpango huu wana hoja tatu, na yafaa tuzipime kwa haki. Hoja ya kwanza ni ya hiari. Husemwa kwamba dalali aliyasoma masharti akayakubali, na aliyekubali hana la kulalamika. Lakini kukubali kiasi cha ujira si sawa na kukubali kutojua kama ujira huo umetimizwa. Mchuma kahawa aliyepatana malipo kwa kila debe hakukubali madebe yahesabiwe usiku naye amelala. Tena hiari ina nguvu pale tu ambapo mtu aliweza kukataa akapata pengine. Ikiwa kila mlango wa soko una sharti lile lile, hiari ya kuingia ni jina tu.

Hoja ya pili ni ya sifa. Husemwa kwamba kampuni kubwa haiwezi kuiba senti za kijana wa Usa River, kwa kuwa sifa yake ni ya thamani kuliko senti hizo. Hoja hii ina ukweli, nami siidharau. Walakini sifa humlinda mtu dhidi ya kosa lionekanalo. Nyama iliyooza hunuka, na mwenye bucha hupoteza wateja kabla ya jua kuchwa. Mstari ambao haukuandikwa hauna harufu. Isitoshe, si lazima pawe na mwizi ili pawe na hasara. Programu inaweza kukosea, kivinjari kinaweza kufuta kidakuzi, mteja anaweza kuanza kwa simu akamalizia kwa kompyuta, na kumbukumbu ikakatika njiani. Kosa lisilokusudiwa huumiza sawasawa na lililokusudiwa, na asiye na daftari hana njia ya kuyatenga.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba madalali nao si malaika. Hili lina ushahidi. Kampuni ya eBay iliwashitaki mwaka 2008 baadhi ya madalali wake kwa hila ya kupandikiza vidakuzi katika kompyuta za watu ambao hawakubofya kiungo chochote. Watu hao waliponunua kitu kwa matakwa yao wenyewe, dalali alilipwa kana kwamba ndiye aliyewaleta. Mwaka 2014 mahakama ya Marekani iliwafunga wawili waliokuwa miongoni mwa madalali wake wakubwa kabisa. Basi mwenye duka asema: kama dalali ataachiwa kuhesabu, atahesabu hata wasiokuja. Ni kweli. Lakini hoja hiyo yathibitisha tu kwamba daftari lisiwe la dalali peke yake. Haithibitishi hata kidogo kwamba liwe la mwenye duka peke yake. Ikiwa mkono wa mmoja una kishawishi, mkono wa pili hauna kinga dhidi yake.

Hapo twafika penye kiini cha jambo, nalo ni maana ya uaminifu. Wako wanaodhani kwamba kumkagua mtu ni kumtukana, na kwamba mwaminifu ni yule anayeaminiwa bila kuulizwa. Mimi naona kinyume. Mwaminifu ni mtu ambaye ukaguzi haumpunguzii kitu. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wauza nyama na nafaka wa Arusha na kuzitia alama, wala muuzaji mwema haoni kwamba ametukanwa. Alama ile humfaa yeye kwanza, kwa kuwa humtenga na jirani yake aliyechezea mizani. Kuamini bila njia ya kuhakiki si uaminifu wa mwaminiwa. Ni unyonge wa mwaminio, uliovikwa jina zuri.

Mkulima wa kahawa wa miteremko ya Meru anaweza kutufundisha hapa. Hupeleka kahawa yake katika chama cha msingi, ikapimwa mbele ya macho yake, akapewa stakabadhi yenye idadi ya kilo. Baadaye kahawa ikaenda mnadani, na mara nyingi yeye hayupo kuusikia. Hata hivyo hakuachwa kipofu. Kilo anazijua kwa stakabadhi yake, na bei za mnada hutangazwa. Akiwa na tarakimu hizo mbili anaweza kuzidisha mwenyewe, kisha akauliza makato yalikwenda wapi. Pengine jibu halitampendeza, na historia ya ushirika ina malalamiko ya kutosha. Lakini ana pa kuanzia swali. Kijana wa kiungo hana tarakimu hata moja ambayo haikutoka kwa mdaiwa wake.

Pana jambo la pili lililojificha ndani ya jedwali lile, nalo ni la kifalsafa zaidi. Jedwali hudai kutueleza nani alisababisha mauzo. Lakini sababu ya mtu kununua ni nini? Mgeni wa Toronto huenda aliuona mlima katika picha akiwa mtoto, akasoma makala ya kijana mwezi Machi, akazungumza na rafiki mwezi Aprili, kisha siku ya kununua akapita katika kiungo cha mtu mwingine aliyetangaza punguzo. Kwa desturi ya biashara hii, kiungo cha mwisho ndicho aghalabu huchukua ujira wote. Ni kama kumlipa aliyefungua mlango wa duka, na kumwacha aliyemwongoza mteja tangu kituo cha mabasi. Mwishoni mwa mwaka 2024 yalizuka madai makubwa dhidi ya Honey, programu ya PayPal ya kutafutia punguzo, kwamba hujiingiza katika dakika ya mwisho ya ununuzi na kufuta jina la dalali aliyetangulia. Kesi zikafunguliwa Marekani. Mahakama na ziamue ukweli wa madai hayo. Sisi twaweza kuona kwamba kanuni ya mguso wa mwisho humwalika kila mjanja kuwa wa mwisho.

Basi tusiliombe jedwali jambo lisiloliweza. Hakuna hesabu itakayopima shauri lilivyozama moyoni mwa mtu. Mauzo ni kama safari ya mlimani: mpishi, mchukuzi na kiongozi wote wamekupandisha, wala huwezi kusema kilele ni cha nani kati yao. Kinachowezekana ni mapatano ya haki juu ya kugawana, yanayojulikana na wote kabla ya safari. Hesabu hiyo haitakuwa kweli yote, lakini itakuwa haki, kwa kuwa hakuna aliyefichwa kanuni yake.

Jambo la tatu linatutahadharisha tusipite mpaka. Mtu anaweza kusema: kama dalali haoni, basi aonyeshwe kila kitu, jina la mnunuzi, simu yake na yote aliyoyatazama. Hapana. Mnunuzi hakuajiriwa na yeyote kati ya wawili hawa, naye ana haki ya kutofuatwa kama mtuhumiwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika mwaka 2023. Haki ya kijana wa Usa River haiwezi kujengwa juu ya kupeleleza maisha ya mtu wa Toronto. Kijana astahili kujua kwamba mauzo yalifanyika, siku gani, kwa bei gani, na kama yalifutwa, kwa sababu gani. Hastahili kujua zaidi.

Tena yule mnunuzi, ambaye pande zote mbili humfuata nyuma kama kivuli, angeweza kuwa shahidi bora kama angeulizwa. Desturi ya zamani ilikuwa hivyo: mgeni akifika hotelini husema, nimeelekezwa na fulani. Msimbo wa punguzo, ambao mnunuzi huuandika kwa mkono wake akijua ni wa nani, ni desturi ile ile kwa vazi jipya. Hauhitaji kidakuzi wala upelelezi. Na kama risiti ya ununuzi ikitoa nakala yenye namba tu, bila jina, ikamfikia dalali saa ile ile, kila upande utakuwa na maandishi yake. Wakala wa fedha za simu katika vibanda vya Sakina na Tengeru amezoea jambo hili: ujumbe humfikia yeye, na mwingine humfikia mteja. Pakitokea ubishi, kuna maandishi mawili ya kulinganisha.

Arusha ni mji unaofaa kulifikiri swali hili. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 ikafungwa mwaka 2015, ilikuwa na makao yake hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ingali hapa. Katika baraza za jinai mwendesha mashitaka haruhusiwi kushika ushahidi peke yake. Hapana budi auonyeshe upande wa utetezi. Hakuna asemaye kwamba kanuni hiyo inamshuku mwendesha mashitaka. Inatambua tu kwamba mtu mwenye maslahi katika jambo hawezi kuwa jicho la pekee la jambo hilo. Kama kanuni hii ni njema kwa mambo makubwa ya damu na uhai, sioni kwa nini iwe nzito mno kwa mambo madogo ya ujira.

Wengi wa wanafunzi wetu wataingia katika kazi za namna hii, na wengine wamekwisha kuingia. Watalipwa kwa hesabu walizozifanya wengine: viungo, picha, safari za bodaboda, maneno waliyotafsiri. Nawashauri wasianze kwa kuuliza kiasi cha malipo. Waulize kwanza nani anahesabu, na kama wao wanaweza kuhesabu pia. Ujira mdogo wenye nakala mbili waweza kudaiwa mahali popote penye mahakama. Ujira mkubwa ulioandikwa na mdaiwa peke yake ni hisani inayoitwa mshahara, na hisani yaweza kukoma siku yoyote bila aliyepewa kujua ilikoma lini.