Tepu Haina Masikio

Nilianza kujifunza fidla mwaka ule nilioacha chuo. Fidla yenyewe ni ya kuazima, na mwalimu wangu aliibandikia tepu tatu nyembamba pale vidole vinapokaa. Kwenye uzi wa A, kidole cha kwanza kinatoa B, cha pili C-shapu, cha tatu D. Gitaa ina vyuma vya kukugawia noti. Fidla haina, kidole kikisogea milimita moja tu, noti imeharibika.

Basi nikacheza kwa macho, miezi miwili. Siku moja tepu ya tatu ikabanduka kwa jasho. Nikairudisha kwa kukisia, nikaendelea kubonyeza palepale kwa uaminifu wote. Mwalimu aliponisikia akasema, "Uko chini." Nikamwonyesha: si kidole kiko kwa alama? Akacheka. "Tepu haina masikio."

Akanifundisha kipimo kingine. Cheza hiyo D ya kidole cha tatu, kisha inua upinde. Ukiipata barabara, uzi wa D ulio kando, ambao hata hujaugusa, utatetemeka na kuitikia, kwa sababu noti yako ni ileile yake, oktavu moja juu. Ukikosea kidogo, unanyamaza.

Tangu hapo nina swali moja: mtu aliyefuata alama kwa bidii na bado akakosea, alikuwa mwaminifu kwa kitu gani? Chuoni nilikuwa hivyo. Nilitia sahihi karatasi ya mahudhurio kila darasa, na sikumbuki somo hata moja lililoitikia ndani yangu. Ni rahisi kujisifu ati kuacha chuo kulikuwa kubandua tepu. Lakini fidla bila tepu haimfanyi mtu mwanamuziki. Anayeanza anazihitaji. Kosa langu halikuwa kuwa nazo. Ni kuacha kusikiliza kwa sababu ninazo.

Na kuna jambo sijasema. Mama bado anaamini niko mwaka wa tatu. Kila Jumapili ananipigia simu: "Masomo je?" Najibu, "Yako sawa, Mum." Kila neno linakaa mahali pake, halafu kimya kinaingia, na yeye hajui kimetoka wapi. Mimi najua. Jumapili hii akiuliza nitamwambia ukweli, hata kama sauti itatetemeka.