Je, Aliyeanza Vibaya Amekwisha Kupotea?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotangazwa, furaha na machozi huingia mtaani kwetu Golf siku moja. Katika nyumba hii kijana amepakwa poda nyeupe kichwani, watu wanaimba. Nyumba ya jirani mlango umefungwa.

Tumfikiri kijana mmoja, jina lake si kitu. Alipoingia mwaka wa kwanza wa umanite alipenda mpira na simu kuliko daftari. Akapata alama 43 kwa 100, akarudia darasa. Sasa yupo mwaka wa tatu, sehemu ya Biolojia na Kemia, na ameamka: anataka kuwa mganga, anataka Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mama yake aenda kwa padri, asema: «Padri, mtoto amechelewa. Kuna mtu anayeweza kutusaidia kwa mambo ya pointi. Feza ninayo. Je, ni zambi?»

Mama huyu ameuliza maswali mawili katika moja. La kwanza: aliyechelewa, aweza kufika? La pili: apite njia gani?

Kwanza tuijue njia yenyewe. Mtihani wa Taifa ulianza mwaka 1967. Mwanafunzi hufanya insha, mtihani wa kusema Kifaransa na, kwa sehemu nyingine, wa kazi ya mikono. Kisha siku nne za maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya sehemu yake. Apataye 50 kwa 100 hupewa diploma. Aliyeacha shule naye hakufungiwa mlango, maana sheria yamruhusu kujiandikisha kama mtu aliyejifunza mwenyewe. Chuo Kikuu hutazama diploma na alama zake, na kwa kawaida huomba buletini za miaka miwili ya mwisho. Fakulte zinazotafutwa na wengi, kama ile ya uganga, huchuja zaidi. Basi zile 43 za mwaka wa kwanza hazimngojei kijana mlangoni. Kuteleza si kuanguka.

Lakini tusijidanganye. Karatasi ya zamani haiulizwi tena, bali pengo lililoachwa na karatasi ile bado limo kichwani. Kemia ya mwaka wa nne yasimama juu ya kemia ya mwaka wa kwanza, kama ukuta juu ya msingi. Mungu husamehe mara moja mtu anapotubu kweli. Hesabu haisamehe hivyo. Ni lazima irudiwe.

Sisi Wakristu twalijua jambo hili, maana twafundishwa kwamba kitubio si kulia tu. Mwenye kutubu hujuta, huungama, hufanya malipizi. Kijana wetu naye afanye vivyo hivyo. Ajute, lakini asizame katika haya, kwa kuwa haya huficha daftari, na majuto hulifungua. Aungame: amwendee mwalimu aseme wazi, «Mwalimu, tangu sehemu hii sikuelewa.» Neno hilo ni gumu kwa kijana wa miaka kumi na saba mbele ya wenzake, lakini bila neno hilo mwalimu atamfundisha mambo ya juu naye atanakili asichokielewa. Kisha afanye malipizi: kila jioni ashike kitabu cha mwaka alioupoteza, hata kama wadogo zake wanamcheka, hata umeme ukikatika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tuna mfano wa mtakatifu aliyeinama hivyo. Yohane Maria Vianney alizaliwa Ufaransa mwaka 1786, na utoto wake ulipita katika fujo za mapinduzi, shule alipata kidogo tu. Alipotaka kuwa padri alikuwa mtu mzima, na Kilatini kilimshinda kabisa. Seminari ya Lyon ilimrudisha. Padri Balley wa Écully hakutafuta mtu wa kubadili matokeo. Alimketisha chini akamfundisha tena kwa Kifaransa, lugha anayoielewa, kisha akaomba aulizwe tena kwa lugha hiyo. Akajibu vema, akapewa upadri mwaka 1815. Ndiye msimamizi wa maparoko wa dunia nzima. Mtihani ulikuwa wa kweli na majibu yalikuwa yake mwenyewe.

Sasa turudi kwa mama na feza zake. Kuwa na feza si zambi. Feza yaweza kumlipa mwalimu mzuri wa jioni, kununua vitabu, taa na mafuta ya taa. Hayo ni matumizi mema, na mzazi wa Golf amshukuru Mungu anayeweza kuyafanya, kwa sababu wazazi wengi wa Katuba na wa Kenya hawawezi. Lakini feza ikinunua alama, imeiba. Nafasi za fakulte zina hesabu. Kila aingiaye kwa mlango wa nyuma, yupo mmoja anayebaki nje, labda mtoto wa mama muuza makala aliyesoma kwa mshumaa. Tena imemwibia mwana mwenyewe, maana imemwambia kwa siri: «Mimi mama yako siamini kwamba unaweza.» Na siku moja mgonjwa atalazwa mbele ya mganga huyo. Mgonjwa hatauliza diploma. Atahitaji mikono inayojua.

Basi padri atajibu nini? Labda atamkumbusha mama yule bwana wa shamba la mizabibu katika Injili ya Matayo. Alitoka saa kumi na moja akakuta watu wamesimama bure, akawatuma shambani, na jioni akawalipa sawa na wale wa asubuhi. Hakuwakemea kwa asubuhi yao. Lakini tuangalie vizuri: nao waliingia shambani, wakatia mikono yao kazini kabla jua halijatua.

Ninyi vijana mliochelewa, msikate tamaa wala msitafute njia ya mkato. Nanyi wazazi, wapeni taa, mwalimu na imani yenu. Saa kumi na moja bado kuna mwanga wa kufanyia kazi.