Koti la Kuazima

Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja: Je, mtu aweza kusema uongo bila kutamka neno la uongo? Swali hili sikulipata kitabuni bali katika sinema, na tangu siku ile halijanitoka moyoni.

Huko Marekani, upande wa mashariki, viko vyuo vikuu vinane viitwavyo Ivy League. Harvard, Yale na Princeton ni miongoni mwao. Wanafunzi wa huko walikuwa na namna yao ya kuvaa: koti la buluu lenye vifungo vya shaba, tai ya milia, suruali ya kaki, na shati ambalo ncha za kola yake hufungwa kwa vifungo vidogo. Ukizitazama moja moja, nguo hizi hazina fahari. Kaki hata askari huvaa. Fahari yake ni kumtaja mvaaji alikosoma na baba yake ni nani. Siku hizi hata asiyekanyaga chuo aweza kuzinunua, nao watengenezaji wa sinema hawachoki kuwavika watu wao.

Katika sinema moja ya mwaka 1999, The Talented Mr. Ripley, kijana maskini Tom Ripley apiga piano katika karamu mjini New York, naye amevaa koti la Princeton aliloliazima. Tajiri mmoja, Bwana Greenleaf, aliliona koti, akadhani kijana alisoma pamoja na mwanawe Dickie. Tom hakujibu kwamba alisoma huko. Aliuliza tu, Dickie hajambo? Angalieni, ndugu zangu: salamu! Neno tunalowafundisha watoto kabla ya mengine yote, nalo likawa uongo mzima. Kwa salamu ile alipewa safari ya Italia na dola 1000, ili amrudishe Dickie nyumbani. Mwisho wake alimwua Dickie, akajivika nguo zake na jina lake.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Basi wengi watamhukumu Tom, nami sikatai: amwonaye mwenziwe amekosea, akaliacha kosa lile kwa kuwa lina faida, huyo ameiba. Lakini Bwana Greenleaf je? Alama iliyo kifuani ilimtosha. Kama Tom angalivaa shati lake mwenyewe, mzee angaliona mpiga piano tu, yaani asingalimwona kabisa. Koti lilidanganya kwa sababu alikuwapo aliyekuwa tayari kudanganyika.

Tena iko sinema ya mwaka 2023, The Holdovers, yenye habari za shule ya bweni mwaka 1970. Shule yenyewe ni ya kubuniwa. Mpishi wake, Mary Lamb, mama mweusi, alikuwa na mwana aitwaye Curtis aliyesoma pale pale pamoja na wana wa matajiri, akamaliza kwa haki yake. Lakini fedha za chuo kikuu hazikuwapo. Akaenda jeshini, akafa katika vita vya Vietnam. Koti la Tom halikuwa lake, likamfungulia mlango. Vazi la shule la Curtis lilikuwa lake halisi, lisimfae kitu. Sijui ni lipi kati ya mawili haya linalonichoma zaidi.

Nami ni nani nimcheke Bwana Greenleaf? Nimewafundisha watoto sura ya pili ya Waraka wa Yakobo, habari ya mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo mbovu, mara nyingi hata naijua kwa moyo. Hata hivyo, siku moja ya kuandikisha wanafunzi, alikuja mtu mwenye koti na tai, nikainuka nikampa kiti changu, wala sikumjua. Mzee mmoja mwenye kanzu ya viraka alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Alinisalimu, nami niliitikia bila kumtazama.