Je, Mpiga Zeze Anafanya Kazi?



Hapa kwetu Mlali mzazi hufurahi mtoto wake akisema anataka kuwa mwalimu, mganga au fundi. Akisema anataka kuwa mwanamuziki, nyumba nzima hunyamaza, kana kwamba ametuambia hataki kazi. Basi na tujiulize: kazi ni nini?

Hukwe Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doduma, mkoani kwetu Dodoma, akajifunza muziki kwa baba yake. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akaishi Bagamoyo, akitunga na kufundisha. Aliimba kwa mtindo wetu wa Kigogo, kwa zeze na ilimba, na watu wa Ulaya wasiojua Kigogo wala Kiswahili waliketi wakamsikiliza. Albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996, na Assembly, aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook wa Kanada, ikatoka mwaka 2002. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Wapo watakaosema: huyo ni mmoja tu, wenzake wangapi walibaki na zeze na njaa? Ni neno la haki. Katika nchi hii ya mvua haba, hatuwezi kumwambia kijana atupe jembe. Lakini tukimheshimu Zawose kwa sababu alifika Ulaya, tumeheshimu safari, wala si kazi. Hata kama asingetoka Doduma, vidole vyake vingekuwa vimefanya kazi ile ile.

Tutazame mwenendo wetu. Arusini tunamwita mpiga zeze, anakesha nasi mpaka alfajiri. Tunampa sahani ya ugali na shukrani. Asubuhi tukimkuta amelala, tunamwita mvivu. Fundi aliyeezeka nyumba siku hiyo hiyo tumemlipa fedha taslimu. Wote wawili walitupa jasho lao. Kumnyima mmoja jina la mfanyakazi ni njia rahisi ya kumnyima ujira wake.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, kinawataja wana watatu wa Lameki: Yabali wa mifugo, Yubali wa kinubi na filimbi, na Tubal-kaini wa shaba na chuma. Mchungaji, mwanamuziki na mhunzi wametoka kwa baba mmoja. Hatusomi kwamba mmoja wao aliambiwa akatafute kazi.

Lakini heshima ya kazi huja na wajibu wake. Mwanamuziki naye afanye mazoezi, afike kwa wakati, ajiepushe na ulevi, na awafundishe vijana, maana ujuzi usiorithishwa huzikwa na mwenyewe.

Basi mavuno yajayo, tunapopanga arusi za wana wetu, tupatane na mpiga zeze kabla ya siku, kama tunavyopatana na fundi. Na mtoto anayeomba kujifunza, tumsikilize kwanza kabla ya kumkemea.