Mtoto na Alasiri Yake

Muulize mzazi wa Mji wa Kale wa Mombasa amemtimizia nini mwanawe, naye atakuhesabia: karo imelipwa, sare imeshonwa, ada ya madrasa haidaiwi, chungu hakijalala bila kupikwa. Katika kisiwa ambacho wengi hununua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, hiyo si hesabu ndogo, na anayeibeza hajalea. Lakini kuna jambo halimo humo, nami naliona kuwa wajibu sawa na hayo mengine: mtoto afurahi ndani ya nyumba yao, pamoja na watu wake, bila kungoja Idi.

Sisi furaha tumeiweka upande wa zawadi. Mtoto akifaulu mtihani au akihitimu juzuu, atapelekwa ufukweni Mama Ngina ale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, anywe dafu, atazame meli zikielekea Kilindini. Asipofaulu, abaki nyumbani. Raha imekuwa mshahara, na mfanyakazi mwenyewe ana miaka minane.

Itazame siku yake. Anaamshwa alfajiri, anakwenda shule, anarudi na kula harakaharaka, anavaa kanzu na kukimbilia madrasa. Magharibi inamkuta njiani. Baada ya isha kuna mwalimu wa tuition, au kazi ya shule ambayo, tangu mtaala wa CBC ulipoanza kwa majaribio mwaka 2017, humtuma na mzazi pia kutafuta karatasi za manila na gundi. Wikendi asubuhi wengi wako madrasa tena. Elimu zote mbili ni za lazima, sina ugomvi nazo. Ninachouliza ni nani aliyemnyang'anya mtoto huyu alasiri yake.

Maana alasiri ndiyo saa ya watoto katika mji huu. Jua likishafichwa na maghorofa ya kale, vichochoro vya Kibokoni, Kuze na Mkanyageni hupata kivuli. Mafuta ya viazi karai huanza kuchemka, wazee hutoka na vikombe vyao vya kahawa chungu, akina mama husimama mlangoni wakajuliana hali. Nyumba zetu zilijengwa kwa ajili ya saa hiyo. Baraza la mawe mbele ya mlango si pambo la watalii wanaotoka Fort Jesus. Ni mahali ambapo mtoto alicheza miguuni pa watu wazima, akisikia lugha yao, mizaha yao na heshima yao, akalelewa bila mtu kutangaza kwamba sasa analelewa. Leo tuktuk na bodaboda zinapenya humo, mabaraza mengine yamekuwa maduka, na jirani akimkanya mtoto wa mwenziwe huulizwa amepewa ruhusa na nani.

Wako watakaosema dini ndiyo inayotaka ukali huu. Waisome vizuri. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mwema apumzike na uchovu wa masomo, kwani kumzuia na kumbebesha elimu mfululizo huua moyo wake, huzima akili yake, na mwisho humfanya atafute hila ya kuikimbia elimu yenyewe. Huyo si mtaalamu wa Ulaya aliyekuja na semina. Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimwendea mtoto Abu Umayr, ambaye kindege chake kilikuwa kimekufa, akamuuliza habari za kile kindege. Kiongozi wa umma alipata nafasi ya kuzungumza na mtoto juu ya ndege. Al-Aqra bin Habis aliposema ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, jibu alilopewa na Mtume ni kwamba asiyehurumia hatahurumiwa.

Anayetaka sheria ya nchi nayo ataipata. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinataja mapumziko na mchezo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Lakini sheria haiwezi kumkalisha baba sakafuni acheze karata na bintiye.

Ramadhani ndiyo inayotusuta. Muulize mtoto yeyote wa mji huu mwezi aupendao, atautaja huo, ingawa ndio mwezi wa njaa na kiu. Haupendi kwa ajili ya kaimati peke yake. Anaupenda kwa kuwa nyumba nzima hukaa kwenye sinia moja kwa wakati mmoja, baba amerudi, hakuna anayekula kwa zamu. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ana cheo: ndiye anayetumwa kwa jirani na sahani iliyofunikwa kawa, akarudi na sahani nyingine, maana sahani hairudi tupu. Mambo haya hayana gharama mpya. Sinia lipo na jirani yupo miezi yote kumi na miwili. Tunaloliacha mfungo mosi ukiandama ni kule kukaa pamoja.

Nazungumzia mambo madogo kweli. Asubuhi ya Jumapili mama akikanda mahamri kwa tui na iliki, mtoto apewe kidonge chake cha unga akisukume, kitoke kama ramani ya nchi isiyojulikana, kikaangwe hivyohivyo, na baba akile kwa mbaazi akikisifu kwa jina la aliyekitengeneza. Stima zikipotea usiku, badala ya kila mtu kulaani kampuni ya umeme, bibi aseme "Paukwa!" na nyumba iitikie "Pakawa!" Mshairi Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 na kutaka kumuusia bintiye, kwanza alimwita aje karibu, aketi na wino na karatasi, kwa kuwa ana la moyoni la kumwambia. Wasia wenyewe ni mzito na una amri nyingi, na zipo ambazo mabinti wa leo watazibishia. Lakini ulianza kwa kumweka mtoto karibu.

Najua hofu iliyopo: mtoto akizoea kucheka na mzazi ataota pembe. Mimi nimeona kinyume chake. Baba ambaye sauti yake husikika nyumbani kwa kukemea tu, siku ya kukataza jambo kubwa hana sauti nyingine ya kutumia. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku majani ya kutafuna ya muguka, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo, mabaraza yote yalijaa mjadala wa vijana wetu wanaopotea. Mjadala ulikuwa wa lazima. Sikusikia ukiuliza vijana hao walikuwa wapi walipokuwa na miaka tisa, na ni nani aliyekuwa akicheka nao. Kijana wa miaka kumi na mitano huenda maskani kwa sababu maskani kuna watu wanaofurahi kumwona. Sisemi kila aliyenaswa na dawa za kulevya alikosa furaha kwao. Wapo waliotoka katika nyumba nzuri kabisa, na kuwatwika mama zao lawama ni dhuluma juu ya msiba.

Wala sisemi haya ni mepesi kwa wote. Kuna mama aliye Saudia akilea watoto wa wengine, na wake wamebaki kwa bibi yao huko Majengo. Naye anaweza kitu: simu yake ya usiku isianze na alama za mtihani. Kuna baba wa zamu bandarini anayerudi watoto wamelala. Huyo ana udhuru. Asiye na udhuru ni yule anayefunga duka magharibi, akapita mlangoni kwake, akaketi na wenziwe hadi saa nne.

Basi ombi langu kwa kamati za madrasa, kwa walimu wa tuition na kwa wazazi wa Kibokoni, Kuze na Bondeni ni hili: muwaachie watoto alasiri moja katika kila juma, isiyo na kitabu wala daftari. Na akina baba, alasiri hiyo muwe nyumbani.