Shukrani ya Mahindi

Mkahawa wa Kimeksiko una meza sita tu, uko mtaa wa Pilsen, Chicago. Mama mwenye mkahawa hubana donge la unga wa mahindi, akaligeuza kwa vidole juu ya chuma cha moto. Harufu ile ilinirudisha Tanga, kwenye mahindi ya kuchemsha ya bibi yangu, ila hii ina ukali kidogo: chokaa. Wameksiko huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa, wakayalaza usiku kucha, ndipo wakayasaga. Ni ujuzi wa maelfu ya miaka. Ulaya ilichukua mbegu, ikauacha ujuzi. Bila ujuzi huo, maskini wa Italia walioishi kwa mahindi matupu wakaugua pelagra, ngozi zikawachunika.

Nasi tunayaita mahindi, jina linaloelekeza India, si Meksiko! Miaka yote nimesema Alhamdulillahi baada ya ugali, nikaona yamekwisha. Lakini je, shukrani kwa Mungu inatimia ikiwa mikono aliyoitumia hatuitaji hata kwa jina? Chuoni tulifundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Naamini deni bado lipo.

Siku ile nilimfuata yule mama jikoni, nikamshukuru kwa chakula chake na kwa ugali wa nyumbani.