Ni Nani Aliyekosa?

Somo: Yohana 9:1-3, Luka 13:1-5



Tuseme ndugu wa miaka arobaini, hana presha, hana sukari, havuti sigara, anaamka asubuhi mdomo umepinda na mkono hauinuki. Ni kiharusi. Kabla hajafikishwa hospitali Mandera, maneno yameshamtangulia: amerogwa, ana dhambi ya siri, ameacha kutoa fungu la kumi. Swali la wiki hii ni hili: tuna haki gani ya kutaja sababu ambayo hatuijui?

Madaktari nao wanalijua swali hili. Wanaweza kupima kila kitu na bado wasione chanzo. Wakati mwingine picha ya moyo huonyesha tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu. Tundu hilo sote tulikuwa nalo tumboni mwa mama, maana mtoto aliye tumboni hatumii mapafu, na damu yake hupitia hapo. Baada ya kuzaliwa hujifunga. Lakini kwa karibu mtu 1 kati ya 4 halijifungi kabisa, na wengi wao huzeeka bila kujua. Hata hivyo, bonge la damu kutoka mguuni laweza kupenya hapo na kufika kwenye ubongo.

Sasa, duka likivunjwa usiku, na asubuhi ukute mlango wa nyuma haukufungwa, je, umeshajua mwizi alikopitia? Bado. Huenda aliingia kwa dirisha. Ndiyo maana daktari mwenye busara hakimbilii kulaumu tundu. Kwanza anaangalia presha, sukari, mapigo ya moyo, mishipa ya shingo. Akikosa sababu nyingine, na mgonjwa bado si mzee, ndipo anafikiria kuziba tundu kwa kifaa kidogo kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Hata hilo halikujulikana haraka. Kufikia 2013, majaribio makubwa hayakuwa yameonyesha wazi kwamba kuziba kunashinda dawa. Mwaka 2017 yakatoka matokeo mapya. Katika jaribio lililoongozwa na Wafaransa, watu 238 walipangiwa kuzibwa tundu pamoja na dawa, na hakuna aliyerudiwa na kiharusi kwa takriban miaka 5. Kati ya 235 waliopewa dawa peke yake, 14 walirudiwa. Kwa hiyo kuziba kunasaidia. Lakini angalia pia: 221 hawakurudiwa, na baadhi ya waliozibwa walipata shida ya mapigo ya moyo. Miaka hiyo yote madaktari walikiri kwamba hawana hakika, na bado waliendelea kutibu. Kutojua hakukuwazuia kuhudumia.

Linganisha na sisi watu wa dini. Desemba 2005, Waziri Mkuu wa Israeli, Ariel Sharon, mwenye miaka 77, alipata kiharusi kidogo. Madaktari wakaona tundu moyoni, wakampa dawa za kuzuia damu kuganda, wakapanga kuliziba Januari 5, 2006. Januari 4 alivuja damu kwenye ubongo. Hakupata fahamu kamili tena mpaka alipofariki mwaka 2014. Wataalamu walibishana kuhusu dawa zile. Lakini mhubiri maarufu wa Marekani, Pat Robertson, hakuhitaji kupima chochote. Alisema kwenye televisheni ati ni Mungu anamwadhibu kwa kuigawa nchi. Siku chache baadaye ilibidi aombe familia radhi.

Wanafunzi walipomwona kipofu, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, kisha akamhudumia yule mtu. Na kuhusu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa waovu kuliko wengine.

Wapendwa, wengi wetu hapa Lafey ni walimu, askari na wahudumu wa afya tulioletwa na kazi. Jamaa zetu wako mbali. Ndugu akianguka, kanisa ndilo jamaa yake wa karibu. Kanisa hilohilo likianza kunong'ona, atamwita nani?

Kwa hiyo, uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Maombi yaendelee ndani ya gari. Baadaye usimwambie ati imani ya kweli ni kuacha dawa. Aliyepewa aspirini aendelee nayo mpaka daktari aseme vingine. Likija suala la harambee ya kuziba tundu, tumsindikize kwanza kwa mtaalamu wa moyo na wa ubongo, tuulize kama tundu ndilo chanzo kweli, halafu tutoe kwa moyo wote. Na mkirudi mkiwa hamjapata jibu, kanisa linaweza kusema bila aibu: hatujui kwa nini, lakini tuko nawe. Amina.